Kisu cha Mfalme, Miili ya Maskini

Januari 1686, katika kasri la Versailles nje kidogo ya Paris, Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alianza kukaa upande. Alikuwa na miaka 47. Alirithi enzi akiwa mtoto wa miaka minne, na tangu hapo kukaa ndiyo ilikuwa kazi yake: kukaa barazani, kukaa mezani mbele ya macho ya watu, kukaa juu ya farasi akienda kuwinda au kutazama vita. Sasa hapakaliki.

Marquis de Dangeau, mtu wa ikulu aliyekuwa akiandika habari za kila siku za kasri, aliandika kwamba mfalme anasumbuliwa na uvimbe wa paja. Paja halikuwa na neno. Uvimbe ulikuwa pembeni mwa njia ya haja kubwa, na mwandishi aliusogeza kidogo ili ukae mahali panapotajika. Hata leo katika zahanati zetu mgonjwa hufanya hivyo hivyo. Atasema ana kijipu cha makalio, au bawasiri, au mgongo wa chini unamuuma, na nesi mwenye uzoefu atangoja mlango ufungwe kabla ya kuuliza tena.

Madaktari wa mfalme walibandika dawa za kukanda. Uvimbe ukaiva, ukatumbuliwa, usaha ukatoka, mfalme akapata nafuu. Baada ya siku chache usaha ukarudi, ukitokea kwenye kitundu kidogo kisichokubali kufunga. Jipu lilikuwa limekwisha kuacha mrithi.

Mrithi huyo kwa Kiswahili anaitwa nasuri, jina ambalo pwani ililipokea kutoka Kiarabu pamoja na jirani yake bawasiri, na majirani hao wawili huchanganywa mpaka leo. Hospitalini wengi husema fistula, neno ambalo Afrika Mashariki limezoeleka zaidi kwa jeraha la uzazi linalomfanya mama avuje mkojo au choo. Hii ni nyingine, nayo huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Ndani kidogo ya njia ya haja kubwa pana vitezi vidogo vinavyotoa ute. Kitezi kikiziba na kuingiwa na vijidudu, usaha hukusanyika, hutafuta njia kupita kwenye misuli, na hatimaye hutokeza kwenye ngozi kama jipu. Likipasuka, maumivu hutulia na mgonjwa husema amepona. Lakini mara nyingi hubaki mfereji mwembamba, mdomo mmoja ndani, mwingine nje, na uchafu wa ndani haukomi kuulisha.

Kuupasua mfereji ili upone si jambo gumu kulieleza. Ugumu uko kwenye misuli unayoipitia. Njia ya haja kubwa imezungukwa na pete mbili za misuli: ya ndani hujibana yenyewe bila kuamriwa, ya nje huibana mwenyewe mtu akitaka kujizuia. Mpasuaji akikata kidogo mno, ugonjwa unarudi. Akikata kupita kiasi, mgonjwa anapona nasuri na kushindwa kuzuia choo. Historia yote ya tiba hii imesimama juu ya kipimo hicho kimoja.

Wagiriki walikijua. Katika maandishi yaliyokusanywa kwa jina la Hippocrates, yapata miaka 2,400 iliyopita, mna kitabu kizima kuhusu nasuri. Kinawataja wapanda farasi na wapiga makasia kuwa ndio wanaopatwa sana, na kinaeleza tiba ya uzi: nyuzi za kitani zinasokotwa pamoja na unywele wa farasi, zinapitishwa kwenye mfereji kutoka mdomo wa nje hadi wa ndani, ncha zinafungwa fundo, kisha linakazwa kidogo kidogo kadiri siku zinavyokwenda. Uzi unakata polepole, na nyuma yake nyama inashikana, hivyo misuli haikatiki kwa mkupuo mmoja. Kitani kikioza, unywele unabaki ili uzi mwingine uvutwe nao.

India nako walifika kwenye uzi. Waganga wa huko, ambao katika mapokeo ya tabibu wa kale Sushruta waliuita ugonjwa huu bhagandara, waliupaka uzi wao majivu ya mimea, manjano, na utomvu mkali wa mmea wa jamii ya mnyaa. Tiba hiyo ingali hai. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la India lilitangaza matokeo ya kuilinganisha na upasuaji wa kisu. Waliotibiwa kwa uzi walichelewa kupona, lakini ugonjwa uliwarudia wachache zaidi.

Uingereza ya karne ya 14 ilimtoa John Arderne, mpasuaji aliyefanya kazi mjini Newark kabla ya kuhamia London. Mwaka 1376 aliandika kitabu juu ya nasuri, na wagonjwa wake wengi walikuwa watu wa vita waliokaa miaka juu ya matandiko ya farasi. Alipitisha uzi, kisha akakata mara moja kwa kufuata njia ya uzi, na wakati wenzake waliunguza kidonda kwa dawa kali, yeye alisisitiza kukisafisha na kukiacha kitulie. Hakuona haya kutaja bei: kwa mtu mkubwa paundi 40 pamoja na malipo ya kila mwaka maisha yake yote, na kwa wadogo zisipungue shilingi 100, fedha ambazo kibarua wa wakati huo asingeziona kwa miezi mingi.

Kwa hiyo nasuri ya Louis ilipofunguka mwaka 1686, elimu ilikuwapo tangu zamani. Aliyekosekana ni mtu wa kuthubutu kuitumia kwenye mwili wa mfalme. Daktari mkuu, Antoine d'Aquin, alikuwa bingwa wa dawa za kunywa na kutoa damu. Kukata kulikuwa kazi ya wapasuaji, watu waliohesabiwa chama kimoja na vinyozi, wasiokaa meza moja na madaktari wasomi wa Kilatini. Kila mwenye marhamu yake akajitokeza. Wengine walisifu maji ya moto ya chemchemi za Barèges, wengine ya Bourbon.

Mfalme asingejaribiwa moja kwa moja. Zikatafutwa nasuri za watu wengine. Wagonjwa wenye maradhi kama yake walipelekwa kwenye chemchemi hizo kwa gharama ya serikali, wakaogeshwa na kunyweshwa, wakarudi na nasuri zao. Louvois, waziri wa vita, aliweka wengine kwenye vyumba vya ofisi yake ili marhamu zijaribiwe kwao moja baada ya nyingine. Miezi ikapita, hapakuwa na aliyepona.

Ndipo mpasuaji wa mfalme, Charles-François Félix de Tassy, akasema kwamba kitakachotibu ni kisu. Ila hakuwa ameuzoea upasuaji huo, akaomba muda wa kujifunza. Alijifunzia hospitali za Paris, na hospitali za Paris zama hizo zilikuwa za maskini. Mwenye nacho alitibiwa nyumbani kwake. Akawapasua wenye nasuri mmoja baada ya mwingine, akirekebisha mkono na chombo kila mara. Si wote walionusurika, na inasimuliwa kwamba waliokufa walizikwa alfajiri ili watu wasishtuke. Hakuna aliyeandika majina yao.

Kutokana na wao Félix alipata chombo chake: kisu chembamba kilichopinda, chenye kijiti kirefu cha fedha kwenye ncha na kifuniko kwenye makali. Kijiti kilitangulia kwenye mfereji kikafuata kila kona, makali yakapita yamefunikwa bila kujeruhi, na kifuniko kilipoondolewa mfereji ulipasuliwa kwa mvuto mmoja. Kisu cha namna hiyo kimehifadhiwa katika makumbusho ya historia ya tiba mjini Paris, na Wafaransa walikiita cha kifalme. Ukipenda haki, ungekiita cha hospitali.

Asubuhi ya tarehe 18 Novemba 1686, kama saa moja, Félix aliingia chumbani kwa mfalme. Waliojua walikuwa wachache: Madame de Maintenon, ambaye mfalme alikuwa amemwoa kwa siri, Louvois, padri muungamishi La Chaise, madaktari na wasaidizi wao. Mfalme alilazwa kifudifudi ukingoni mwa kitanda, mto chini ya tumbo, miguu imeshikwa. Ganzi haikuwapo. Dawa ya usingizi ingengoja miaka 160. Félix akapitisha kijiti, akavuta kisu, kisha akachukua mkasi na kukata mara kadhaa kusafisha nyama iliyooza. Walioshuhudia walikubaliana kwamba mfalme hakupiga kelele. Siku ile ile mawaziri walifanya kazi kando ya kitanda chake, na kesho yake akapokea mabalozi.

Wasimulizi wengi huishia hapo, kwenye ushujaa. Sehemu yenye faida kwa mgonjwa wa leo ilikuja mwezi uliofuata. Kidonda kilianza kufunga juu kabla ya kujaa chini, na Félix akalazimika kukifungua na kukata tena, bila ganzi vilevile. Kidonda cha nasuri hakishonwi. Huachwa wazi kipone kutoka chini kuja juu. Kikiwahi kufunga mdomo, chini hubaki pango, na pango hilo ni nasuri mpya. Mfalme, aliyezoea kila kitu kitendeke kwa amri yake, alilazimika kulala na kuisubiri nyama iote kwa mwendo wake.

Mwezi Januari alikuwa anatembea, na tarehe 30 alikwenda Paris kula karamu kwenye jumba la baraza la mji. Shukrani zilikuwa zimekwisha kuanza makanisani. Tarehe 8 Januari 1687 mwanamuziki wake mkuu, Jean-Baptiste Lully, aliongoza wimbo wa shukrani kwa kupigisha fimbo ndefu sakafuni ili kushika mapigo. Fimbo ikamgonga kidole cha mguu. Kidonda kikaoza, akakataa kukatwa, na tarehe 22 Machi akafariki. Mwenye nasuri aliishi hadi mwaka 1715. Aliyemwimbia alizikwa kwa kidole cha mguu.

Ikulu nayo ikageuka. Maradhi yaliyokuwa yakiitwa ya paja sasa yalikuwa ya heshima. Pierre Dionis, mpasuaji wa zama hizo, aliandika kwamba watu walimjia wakitaka wapasuliwe kama mfalme, na alipowachunguza na kuwaambia hawana haja ya kisu, walikasirika. Félix alipewa fedha nyingi, shamba la Moulineaux na cheo cha ubwana. Wapasuaji wote walipanda naye. Mwaka 1731 Ufaransa ilipata chuo cha kifalme cha upasuaji, na mwaka 1743 amri ya Louis wa 15 ikawatenganisha rasmi na vinyozi.

Maskini wa hospitali za Paris hawakupewa kitu. Ilipita karibu karne moja na nusu kabla ya mtu kufungua mlango kwa ajili yao. Mwaka 1835 mpasuaji Frederick Salmon alianzisha katika mtaa wa Aldersgate, London, zahanati ya vitanda saba, na akaiita ya kuwasaidia maskini wenye nasuri na maradhi mengine ya puru. Wateja wake binafsi walikuwa wa tabaka jingine. Mwaka 1841 alimpasua nasuri mwandishi Charles Dickens, aliyekuwa na miaka 29, naye pia bila ganzi. Miezi mitatu baadaye Dickens alipanda meli kwenda Marekani. Mwaka 1854 zahanati ilihamia jengo kubwa barabara ya City, likafunguliwa siku ya Mtakatifu Marko na kuchukua jina lake: St Mark's.

Kufikia hapo maumivu ya meza yalikuwa yamepata mwisho, kwani mwaka 1846 mjini Boston ilionyeshwa hadharani kwamba mvuke wa etha humlaza mtu asihisi kisu. Mgonjwa aliyelala humpa mpasuaji nafasi ya kutazama bila haraka. Mwaka 1900 David Goodsall wa St Mark's alieleza kanuni inayofundishwa hadi leo. Chora mstari wa kukingama katikati ya njia ya haja kubwa: tundu la nje likiwa mbele ya mstari, mara nyingi mfereji huenda moja kwa moja ndani, likiwa nyuma, hupinda na kuingilia katikati ya upande wa nyuma. Kisha mwaka 1976 Alan Parks na wenzake wawili walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 400 wa hospitali hiyo na kugawa nasuri katika aina nne, kufuatana na uhusiano wake na zile pete mbili. Ipo inayopita baina ya pete, ipo inayozitoboa zote mbili, ipo inayozikwea na kushukia upande wa pili, na ipo inayozizunguka kwa mbali. Kile kipimo cha Wagiriki, cha kukata kiasi gani, hatimaye kilipata ramani.

Ramani hiyo ndiyo anayoifuata daktari atakayekupokea leo. Ataanza kwa maswali: jipu lilitoka lini, lilipasuka mara ngapi, choo unakizuia vizuri? Atatazama, atapima kwa kidole. Nasuri ikionekana ya juu au imerudi baada ya upasuaji wa awali, ataomba kipimo cha MRI panapopatikana. Kwetu, ambako kifua kikuu kingali kipo, kipande cha nyama hupelekwa maabara, kwa kuwa kifua kikuu huweza kujificha kwenye nasuri, na hicho dawa yake ni vidonge vya miezi. Ugonjwa wa Crohn wa matumbo nao huchunguzwa, kwani nasuri yake huhitaji dawa pamoja na kisu.

Upasuaji wenyewe hufanyika kwa nusukaputi au ganzi ya mgongo, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Nasuri ikiwa ya chini, iliyopita kwenye misuli kidogo tu, hufunguliwa urefu wote na kuachwa wazi. Ndiyo tiba ya Félix, na ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi ya kupona moja kwa moja. Ikiwa imeshika misuli mingi, daktari hupitisha uzi na kuufunga fundo lililolegea ili usaha uendelee kutoka na jipu lisijae tena. Uzi huo hukaa wiki au miezi. Unaoga nao, unakwenda kazini nao. Baadaye huweza kufuatwa na upasuaji wa pili unaonusuru misuli. Mmojawapo ulitangazwa mwaka 2007 na Arun Rojanasakul wa Bangkok: mpasuaji huingia baina ya pete mbili, huufunga mfereji kwa uzi na kuukata katikati, misuli ikabaki salama. Baada ya karne 24, mkono umerudi kwenye uzi.

Siku za kwanza choo huogopesha kuliko kisu. Dawa za maumivu na za kulainisha choo hutolewa kwa sababu hiyo, basi zitumie kabla hujalazimika kujikamua. Kunywa maji ya kutosha, kula mboga za majani, maharage, papai, ugali wa dona. Kila baada ya choo kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kisha jikaushe taratibu na uweke chachi au pedi safi. Majimaji yenye damu kidogo yatatoka kwa wiki kadhaa, na hayo ni ya kawaida. Homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, damu nyingi, au kushindwa kukojoa, hayo si ya kawaida, na ni ya kurudi nayo hospitali bila kungoja tarehe. Kidonda huchukua wiki sita hivi, pengine miezi, na usishangae daktari akikifungua tena kidogo. Hata mfalme alifunguliwa.

Na kabla ya kutia saini, uliza. Misuli kiasi gani itakatwa? Uwezekano wa kushindwa kuzuia hewa au choo ni upi kwangu? Ikirudi, tutafanya nini? Mwanamke aliyezaa kwa kuchanika, au mtu aliyewahi kupasuliwa sehemu hiyo, aseme mapema, kwani misuli yake ina akiba ndogo. Waliolala mbele ya Félix hawakupewa nafasi ya kuuliza maswali hayo.

Jina la Louis limebaki kwenye kisu, la Salmon kwenye historia ya hospitali, la Goodsall kwenye kanuni, la Parks kwenye ramani. Waliopelekwa kuogeshwa Barèges, waliozikwa alfajiri, na wale 400 wa London wamebaki hesabu tu. Lakini mpasuaji anapopitisha kijiti kwenye mfereji wako na kusita kabla ya kukata, akipapasa ajue misuli imeanzia wapi, kusita huko hakukutoka kwa mfalme. Kulitoka kwao.